Mama alisubiri saa mbili na nusu kitengo cha dharura: foleni ya pale hupangwaje, na ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kusema nini?

BintiUluguru aliandika:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu kidogo, kwa sababu jambo hili bado linaninyima usingizi ingawa mgonjwa wangu, namshukuru Mungu, amesharuhusiwa na yuko nyumbani.

Wiki tatu zilizopita nilimpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 67 na anayeishi na kisukari na shinikizo la damu, katika hospitali moja kubwa baada ya kubanwa na pumzi tangu magharibi. Tulifika saa tatu usiku. Muuguzi wa mlangoni alitupokea vizuri, akambandika mama kile kifaa cha kidoleni, akampima presha na joto, akaandika kwenye karatasi kwamba oksijeni ni 93, akaweka alama ya njano pembeni, kisha akatuelekeza tukae kwenye benchi tusubiri kuitwa. Mimi nikatumwa dirishani kulipia kadi. Mtandao ulikuwa unasumbua, namba ya kumbukumbu ya malipo haikutoka, na kwa muda wa dakika zipatazo arobaini nilisimama pale huku mama akiwa ameegemea bega la mtu tusiyemfahamu.

Katika muda huo aliletwa kijana wa ajali ya bodaboda, akaingizwa mara moja, na hakuna aliyenung'unika. Baadaye akaja mama mmoja wa makamo, anatembea kwa miguu yake na anazungumza, akasema kifua kinamuuma, naye akaingizwa moja kwa moja. Nakiri kwamba nilikasirika na nilidhani ana mtu wake ndani.

Kwenye saa tano na robo niliona mama anajibu kwa neno mojamoja. Nilipokwenda kumweleza muuguzi, niliambiwa nisubiri zamu yangu kwa kuwa wote pale ni wagonjwa. Dakika kumi na tano baadaye daktari aliyekuwa akipita alimtazama mama, akasimama, akambandika kifaa kidoleni, na safari hii kilisoma 86. Papo hapo akalazwa kwenye machela na kuwekewa oksijeni. Tangu ile 93 ya saa tatu hadi ile 86, hakuna mtu aliyempima tena.

Sikuja hapa kumshtaki mtu yeyote. Ninachotaka kuelewa ni namna foleni ya dharura inavyopangwa, kama kulipa kwanza ni sharti, na kama ndugu wa mgonjwa anaweza kuomba kipimo kirudiwe bila kuonekana mkorofi.

MuuguziWaZamu alijibu:

Pole sana kwa kuuguza, dada, na mama aendelee kupata nafuu. Mimi ni muuguzi katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, na kwa miaka sita nimekuwa nikikaa kwenye meza ileile uliyoikuta mlangoni, kwa hiyo nitajitahidi kukueleza jinsi kazi inavyopaswa kwenda.

Foleni ya dharura haifuati nani alitangulia kufika, hufuata hatari aliyonayo mgonjwa. Baadhi ya hospitali za ukanda wetu zinatumia kipimo cha kupanga wagonjwa kilichotengenezwa Afrika Kusini, ambacho kazi yake ilianzia Cape Town mwaka 2004, chenye rangi nne kwa wagonjwa walio hai. Nyekundu huonwa papo hapo, machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, na kijani ndani ya saa 4. Rangi hupatikana kwa kujumlisha alama: kasi ya pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto, kama mgonjwa anatembea mwenyewe au anashikiliwa, kama ana fahamu zake timamu, na kama amejeruhiwa.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa aina ya mama yako. Akiwa anatembea kwa kushikiliwa anapata alama 1, na akipumua mara 24 kwa dakika anapata 2. Jumla ni 3, na 3 ni njano. Baada ya saa mbili mgonjwa huyohuyo hawezi kusimama, ambayo ni alama 2; anapumua mara 32, ambayo ni alama 3; na moyo unapiga mara 115, ambayo ni alama 2. Jumla imekuwa 7, na kuanzia 7 mgonjwa ni nyekundu. Karatasi, hata hivyo, bado inasema njano, kwa sababu karatasi haibadiliki mpaka mtu aishike tena.

Kuna jambo la pili ambalo linaniuma zaidi nikisoma maelezo yako. Kipimo hicho hakiishii kwenye kujumlisha alama, bali baada ya hapo muuguzi anatakiwa kuangalia orodha ya dalili ambazo zenyewe zinampandisha mgonjwa rangi, hata kama alama ni ndogo. Maumivu ya kifua yamo katika orodha ya machungwa, na kubanwa na pumzi kulikoanza ghafla kumo katika orodha hiyohiyo. Yule mama wa kifua aliingizwa kwa haki kabisa, kwa kuwa mshtuko wa moyo unaweza kumpata mtu anayetembea na kuzungumza, na kipimo cha umeme wa moyo kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu afike. Lakini kama hospitali ile inatumia kipimo hiki, basi mama yako alistahili rangi ileile. Na hata kwa njano aliyopewa, saa mbili na nusu ni zaidi ya mara mbili ya muda unaoruhusiwa. Kwa hiyo hasira yako haikuwa ya bure, ila ilimwelekea mtu asiyehusika.

Kuhusu kusema: unaruhusiwa, na sisi tunakuhitaji useme. Usiku mmoja naweza kuwa na wagonjwa thelathini kwenye benchi na tuko wauguzi wawili. Ila tambua kwamba kila ndugu anayekuja mezani anasema mgonjwa wake amezidiwa, na baada ya muda sikio linazoea. Kinachonifanya ninyanyuke ni mabadiliko yaliyotajwa waziwazi: "Tulipofika alikuwa anamaliza sentensi, sasa anasema neno moja, anavuta pumzi, ndipo anasema la pili." Au mwangalie kifua, hesabu kinavyopanda kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu, kisha uniletee hiyo namba. Nitaacha ninachofanya. Sema pia muda: "Alipimwa mara ya mwisho saa tatu, naomba apimwe tena." Hilo ni ombi la kawaida, na muuguzi anayeijua kazi yake halichukulii kama ukorofi.

Kwa wenye watoto wadogo naongeza haya, kwa kuwa mtoto huporomoka haraka kuliko mtu mzima. Mtoto anayeshindwa kupumua vizuri, mwenye degedege, asiyeamka, mwenye mikono ya baridi na aliyelegea, au aliyeharisha mpaka macho yameingia ndani, asikalishwe kwenye benchi hata kidogo. Mtoto wa chini ya miezi miwili naye hutangulizwa. Huko Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ilipanga upya mapokezi ya watoto ili walio hatarini waonekane kwanza, na vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8, kama ilivyochapishwa mwaka 2006. Wahudumu nao walifundishwa huduma ya dharura.

MkaaziWaKisauni alijibu:

Pole sana, dadangu. Mimi niko Mombasa, na nitalijibu lile la malipo kwa upande wa Kenya, kwa kuwa huku limeandikwa kwenye sheria na watu wengi hawalijui.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43(2), inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa ikiwa hospitali haina uwezo wa kumtibu. Hospitali yenye uwezo ikikataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Hata hivyo, nimesimama kasualti, yaani mapokezi ya dharura, ya hospitali moja ya binafsi, ami yangu anavuja damu kichwani, na mtu wa dirishani ananiuliza kama nina amana ya kuweka. Nilimtajia kifungu hicho kwa sauti ya upole, nikamwomba aniandikie kwenye karatasi kwamba amekataa. Hakuandika, lakini machela yalikuja.

Sheria peke yake haitoshi, na sisi tuna kumbukumbu chungu. Mwaka 2015, jijini Nairobi, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akipelekwa hospitali moja baada ya nyingine, huku kitanda cha wagonjwa mahututi kikitafutwa bila kupatikana, na mwishowe akafariki. Kwa hivyo mlango ukifunguliwa, bado swali la kitanda linabaki.

MzeeWaIlala alijibu:

Pole, mwanangu. Nitasema machache. Kwa Tanzania, viongozi wa Wizara ya Afya wamelitamka mara nyingi hadharani kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza, malipo yafuate. Usiposikilizwa dirishani, muulize ofisa wa ustawi wa jamii au muuguzi mkuu wa zamu.

Pia mkienda hospitali usiku, nendeni wawili kama inawezekana. Mmoja ahangaike na dirisha, mwingine asimwache mgonjwa. Zile dakika arobaini ulizosimama kwenye mtandao mbovu ndizo ambazo mama hakuwa na jicho la mtu anayemjua.

Nakumbuka zamani hatukuwa hata na hiyo meza ya kupima mlangoni. Idara ya dharura ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na majengo mengi ya dharura mikoani yalikuja baada ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao serikali ilipata kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 2021. Majengo tunayo. Watu wa kukaa ndani yake saa nane usiku ndio wanaotakiwa sasa.

MsukumaVitanda alijibu:

Salaam kutoka Uingereza. Nimeishi huku miaka kumi na minne, na kazi yangu ni kusukuma vitanda na machela kutoka idara ya dharura kwenda vipimo na wodini. Nimeandika kwa sababu ndugu wengi nyumbani wanadhani huku mgonjwa hasubiri.

Lengo la England ni kwamba mgonjwa wa dharura awe amelazwa, amehamishwa au ameruhusiwa ndani ya saa 4. Mwaka 2004 walitaka asilimia 98 ya wagonjwa wafikie hapo, mwaka 2010 wakapunguza kuwa asilimia 95, na hiyo 95 haijafikiwa kitaifa tangu Julai 2015. Usiku wa majira ya baridi mimi huwakuta wazee wamepangwa ukutani kwenye korido, kila mmoja kwenye machela yake, wameshaonwa na daktari, wameshaandikiwa kulazwa, na hakuna pa kuwapeleka. Naambiwa nisubiri wodi ya juu impe mtu ruhusa. Wodi ya juu inasubiri mzee aliyepona apatiwe mtu wa kumhudumia nyumbani. Nimewahi kuanza zamu na kumaliza huku bibi mmoja yuko palepale nilipomwacha, isipokuwa blanketi limebadilishwa.

Ndiyo maana nakubaliana na ndugu wa Kisauni kuhusu kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliochunguza wagonjwa zaidi ya milioni 5 waliolazwa kupitia idara za dharura za England kati ya 2016 na 2018, ulikuta kwamba kwa kila wagonjwa 82 waliocheleweshwa kati ya saa 6 na 8 tangu kufika kabla ya kupata kitanda wodini, kunakuwa na kifo kimoja cha ziada ndani ya siku 30. Mlango wa dharura unaziba kwa sababu njia ya kutokea imeziba, na muuguzi wa mlangoni ndiye anayetukanwa. Lakini kuna jambo moja wanalolizingatia sana hata korido ikijaa: vipimo vinarudiwa, na vinaandikwa pamoja na saa. Bibi yule wa blanketi alipimwa kila saa moja, na ndivyo walivyogundua presha yake inashuka.

BintiUluguru aliandika:

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimemsomea mama majibu yenu, naye ameniagiza nimwombe radhi yule mama wa kifua kwa fikra mbaya niliyokuwa nayo juu yake.

Nimeamua kuandika barua kwa uongozi wa hospitali ile. Sitaomba mtu aadhibiwe. Nataka kuomba jambo moja tu ambalo halihitaji jengo wala mkopo: kwamba mgonjwa wa benchi apimwe tena kabla muda wa rangi yake haujapita. Je, muuguzi, ombi hilo linatekelezeka kwa wauguzi wawili na wagonjwa thelathini?

MuuguziWaZamu alijibu:

Linatekelezeka, dada, kwa kuwa thelathini wale hawako sawa. Kwa kawaida njano kwenye benchi langu hawazidi kumi, na kumpima mmoja kwa kifaa cha kidoleni huku nikihesabu pumzi hakuzidi dakika mbili. Kwenye barua yako omba karatasi ya mapokezi iongezwe safu ya pili yenye nafasi ya saa, kando ya ile ya kwanza. Nafasi ikiwepo na ikabaki tupu, msimamizi wa zamu ataiona asubuhi anapokusanya mafaili. Kwetu tuliichora kwa rula na kalamu kwa miezi kadhaa kabla karatasi mpya hazijachapishwa.