Tupeane uzoefu: Ulithubutu vipi kutuma kazi yako kwenye shindano la uandishi?

Kauntabuku Tatu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wetu sisi tunaoandika kimyakimya. Wenye vitabu madukani watuwie radhi, leo si zamu yao.

Mimi niko Kahama, nauza vipuri vya pikipiki. Riwaya yangu niliiandika kwa mkono kwenye kauntabuku, palepale dukani, wateja wakikatika. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, niliiona kwenye taarifa ya habari: mshindi wa kwanza milioni 10. Nikajisemea hayo ni ya maprofesa wa Mlimani. Baada ya hapo kila tangazo la TET (Taasisi ya Elimu Tanzania, wanaoiandaa tuzo hiyo) likitoka nalisoma mpaka nukta ya mwisho, halafu naweka simu mfukoni na kurudi kwenye mnyororo wa boksa.

Kilichonitoa hapo si ujasiri. Nilipeleka kauntabuku ya kwanza steshenari ichapwe, basi tu isije ikaliwa na panya. Dada anayechapa akanipigia jioni moja. Nikajua anadai chake. Kumbe anauliza, "Hivi yule mzee wa ghala kafa kweli au kajificha? Niletee daftari la pili." Huyu analipwa kwa ukurasa, hanijui wala hana sababu ya kunifurahisha. Nikampelekea yaliyobaki, na ilipokamilika nikatuma. Sikushinda, hata kwenye orodha ya waliokaribia sikuwemo.

Sasa naomba tupeane uzoefu, ila tusiandikiane "jiamini, unaweza". Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote na haikuwahi kunisogeza hata hatua. Mimi nataka kujua ulikuwa unajiambia nini kabla, na kilitokea kitu gani hasa ukatuma. Na ambao hamjatuma, semeni kinachowashika.

Mzee wa Kijiweni

Mashindano yana wenyewe mkuu. Mshindi anajulikana kabla bahasha hazijafunguliwa. Nimemaliza.

Kauntabuku Tatu

Umewahi kutuma?

Mzee wa Kijiweni

Nitume ili iweje, wakati najua?

Kauntabuku Tatu

Basi uzi ni wako pia. Vuta kiti.

Msomaji wa Awali

Niongezee hapo kwenye "yana wenyewe", maana nimewahi kukaa upande wa pili wa meza. Lilikuwa shindano dogo la hadithi fupi, sisi kazi yetu ni mchujo wa kwanza. Hadithi zililetwa zikiwa na namba, majina hatukuyaona. Siwezi kuwasemea wengine wote, nasema nilichokiona.

Na nilichokiona ni hiki. Nyinyi mlioko nje mnadhani lile rundo limejaa akina Shaaban Robert, na wewe ndiye utakayekuja kuliharibu. Hapana jamani. Kazi mbaya kabisa zilikuwa chache, na kazi nzuri kabisa chache. Zilizojaa ni zile zilizokaribia. Mtu ana kisa kizuri, lakini jua linachomoza, mhusika anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai na mihogo, kisa chenyewe kinaanza ukurasa wa nne. Mwingine anakupandisha mpaka juu kabisa, halafu "ghafla akashtuka, kumbe alikuwa anaota". Zile ndoto zilituchosha! Mwingine masharti yanasema maneno elfu tatu, analeta elfu saba, tunaiweka kando bila kuisoma. Inauma, maana nyingine zilikuwa na mwanzo mtamu.

Kwa hiyo yule anayejiona hafai huwa anashindana na watu aliowabuni mwenyewe. Walioko kwenye rundo ni kama yeye, nao wametuma mikono ikitetemeka.

Na kwa mwenye hofu ya kujulikana: tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, hakuna kiingilio, na jina lako halitakiwi kuonekana ndani ya faili la hadithi. Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wote wanaruhusiwa, ilimradi umetimiza miaka 18. Mzee wa Kijiweni, hapo watakujulia wapi?

Binti wa Kibokoni

Ndugu zangu, mie ni wa Mombasa na kwetu ni mashairi. Hofu yangu ilikuwa ya namna nyengine. Nimekulia nyumba ambayo mtu akikosea mizani hata kwa maskhara anarudishwa aanze upya. Mjomba wangu husikiliza shairi akiwa amefumba macho, na kina kikipotea hufumbua jicho moja. Basi wewe utathubutu kuandika mbele ya jicho hilo?

Kilichoniokoa ni lakabu, jina la kujipa. Washairi wetu tangu zamani hutia lakabu chini ya shairi, na magazetini mpaka leo ni hivyo. Nami nikajitungia moja, ya kiume kidogo nisishukiwe, nikapeleka shairi gazetini. Lilipotoka, mjomba akalisoma barazani kwa sauti, mie niko ndani napepeta mchele. Alipofika ubeti wa tatu akasita. "Huyu kijana kina cha kati kimemponyoka hapa," akasema, kisha akaendelea mpaka mwisho, na alipomaliza akalirudia tena kutoka juu. Hilo la kulirudia ndilo lililonitosha. Wala sikutoka kumwambia. Kwa lakabu ileile nikaingia shindano la ushairi, nikapata nafasi ya tatu. Mpaka leo hajui, na nyie mkimwona msimwambie.

Ubeti mmojawapo huu hapa:

Kalamu naishikia, mkono unatetema,
Moyo unaniambia, kaa kando ewe mama,
Nami naurejeshia, siwezi kurudi nyuma,
Wapime wenye kupima, nami nimeshaingia.

Mzee wa Kijiweni

Nimehesabu kwa vidole. Nane kwa nane, haijapungua. Ila lakabu ya kiume na humo ndani unajiita "mama", mjomba atakukamata.

Binti wa Kibokoni

Huo ni wa baadaye, haujatoka popote. Asante kwa kuhesabu baba.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nafundisha fasihi, kidato cha tano na sita. Watu wanadhani kwa hiyo kwangu ni rahisi. Kinyume chake. Mchana kutwa nawaambia vijana mhusika huyu ni bapa, muundo huu ni wa moja kwa moja, mwandishi amefaulu hiki na hakufaulu kile. Usiku nikikaa na ya kwangu, kila sentensi naisikia ikisahihishwa kwa kalamu nyekundu kabla sijaimaliza. Sikuwa na hofu ya majaji kabisa. Nilimwogopa mwalimu wa Kiswahili, na ni mimi.

Dawa niliyopata ni ya kijinga lakini imefanya kazi: naandika kwenye simu, ndani ya daladala, ambamo siwezi kujifanya mwalimu. Kusahihisha ni Jumamosi tu.

Jambo jingine ambalo hatuliongelei ni kimya. Umetuma, umepata ujumbe kwamba kazi imepokelewa, halafu basi. Mashindano mengi huwatangaza waliochaguliwa, wengine mnajijua wenyewe. Hakuna anayekuandikia kwamba ulikosea hapa. Mimi kimya hicho kilinitesa kuliko kushindwa, kwa sababu nilikijaza maneno mwenyewe: wamecheka, wamepitishiana chumba kwa chumba. Msomaji wa Awali amesema vizuri hapo juu, pengine ilikuwa tu ndefu mno.

Ninachofanya sasa, siku ya kutuma nakuwa nimeshaanza nyingine. Naifungua hata kama ni aya mbili. Kimya kinanikuta nina kazi mkononi.

Na mnaosema umri umepita: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa 1918, alikuwa mwandishi wa habari mwenye umri wa karibu miaka 40 alipopeleka mswada kwenye shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958. Akashika nafasi ya kwanza. Huko ndiko alikotokea mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, na vitabu vilivyofuata. Sisemi ukituma na wewe utakuwa yeye. Nasema Bwana Msa tuliyemsoma shuleni alikuja kwetu kupitia mlango wa shindano, na wapo wanaouona mlango huo ni wa watoto.

Itaendelea

Ngoja na mimi niharibu sherehe.

Mimi ni wale wa simulizi za WhatsApp. "Sehemu ya 23, kupata zote lipia buku (elfu moja)." Nina wasomaji wa kunitosha, wapo Muscat, wapo Mbeya, mmoja ni nesi wa zamu ya usiku anayenitukana nikichelewa kuweka sehemu. Ada ya mtoto inatoka humo. Sasa niambieni nikatafute nini kwenye shindano?

Lakini kwa kuwa mmesema tuseme kweli, nitasema. Niliwahi kwenda kwenye semina moja ya waandishi. Tukajitambulisha, mimi nikasema naandika simulizi za mitandaoni. Ndugu mmoja mwenye miwani akatabasamu, akasema, "Ahaa, zile za itaendelea." Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikakaa. Tangu siku ile tangazo lolote la tuzo nikiliona nasikia lile cheko. Wakati huohuo najua kuna vitu naviweza kuliko wengi mle chumbani. Kumfanya mtu aliyechoka, ana buku moja, ailipe ili ajue kesho kinatokea nini, si mchezo.

Kwa hiyo sijui kama mimi naogopa au nimekataa tu. Ukikaa na jambo muda mrefu vinafanana.

Mwalimu wa Zamu

Dada, wanafunzi wangu wanasoma hizo simulizi chini ya dawati wakati mimi nafundisha riwaya. Nimewanyang'anya simu, nikasoma. Nyingine sikurudisha simu mapema.

Msomaji wa Awali

Itaendelea, ungejua ni wangapi kwenye lile rundo hawawezi kufunga ukurasa wa kwanza vizuri. Wewe unafunga sehemu 23.

Kauntabuku Tatu

Halafu wakuu, jamani, mkikutana na "shindano" linaloomba kiingilio kwa namba ya simu ya mtu binafsi na halisemi majaji ni nani, kimbieni. Kuna rafiki yangu ameliwa. Tuzo kama ya Nyerere ina tangazo lake rasmi na masharti yake, soma huko, usisome kwenye picha iliyosambazwa kwenye magrupu.

Itaendelea

Swali la kiufundi. Hizi zangu nilizokwisha kuziweka WhatsApp, zinahesabika zimechapishwa?

Msomaji wa Awali

Inategemea shindano, soma masharti neno kwa neno. Ile ya Jumuiya ya Madola haitaki kitu kilichokwisha kutoka popote, mtandaoni ikiwemo. Mimi ningekushauri chochote ulichokisambaza ukihesabu kimetoka, utume ambacho hakijaonwa na mtu.

Itaendelea

Kipo kimoja. Kifupi, hakina sehemu ya pili. Sijawahi kukiweka popote maana hakiuziki, hakuna mapenzi humo, ni mama na mwanawe wanasafiri kwa basi kupeleka maiti Songea.

Mzee wa Kijiweni

Tuonjeshe hata aya moja basi.

Itaendelea

Aka, mzee. Si umesikia masharti?