Hoteli inatoa pesa za njia yetu ya baiskeli, lakini wanataka geti. Tusaini?

Mtambaapanya
Assalaam alaykum wakuu. Naandika kutoka upande wa Konde, Pemba. Tuko vijana 14, na baiskeli kwetu si mchezo: keria ndiyo inayotulisha. Majani ya ng'ombe, nazi, samaki, vyote vinapanda humo. Tangu mwaka jana tumeisafisha njia ya zamani ya miguu inayopita chini ya mikarafuu mpaka pwani, kilomita 4 hivi. Jembe na panga ni zetu. Siku hizi hata wageni wanaifuata, tunawakodisha baiskeli na kuwaongoza.

Masika yakatuumbua. Pale mteremkoni, kwenye mwembe, maji yamechimba mfereji ambao tairi la mbele likiingia linazama mpaka nusu ya spoku. Mwenzetu aliingia na mkungu wa ndizi nyuma. Rimu ikapinda kama kaukau, ndizi zikashuka mlima peke yake.

Kifusi, mawe na kidaraja cha mbao ni shilingi 3,400,000. Mfukoni tuna 280,000. Hoteli moja imesema italipa zote kwa sharti la kuweka geti upande wa pwani, na kuanzia saa 6 mchana njia iwe ya wageni wao tu. Wenzangu 9 wanataka kusaini. Mimi moyo unakataa lakini sina hoja ya kuwapa. Nisaidieni.

Spoku40
Geti kwenye njia ya kwendea pweza? Wallahi makubwa haya.

MwaniPwani
Spoku kacheka lakini ndiyo hoja yenyewe. Maji hayaangalii saa ya hoteli, kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Leo yakitoka saa 3 asubuhi, baada ya siku 3 au 4 tunarudi na magunia ya mwani kichwani ni saa 8 au 9 mchana. Tutasimama getini tuombe ruhusa kwa mlinzi aliyekuja juzi?

Mpenda Haki
Nyinyi mnaokataa, nani kati yenu ana milioni 3? Hoteli si adui. Wapeni kibao chenye jina lao, wapeni bei nafuu ya kuongozewa wageni, mkataba wa mwaka mmoja. Geti ndiyo muondoe. Mtu akikataa kibao na akang'ang'ania geti, hapo mtajua alikuwa anataka njia au pwani.

BiMkubwa wa Wete
Mwanangu Mtambaapanya, unapita chini ya miti ya nani? Kwa Sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, imo mikononi mwa Rais, lakini mkarafuu una mwenyewe. Eka inaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule, tena yule ana ndugu saba wa kurithi naye. Nyinyi 14 mkisaini bila wao mmeuza kisichokuwa chenu. Na msimu wa kuchuma ukifika, majamvi ya kuanikia yanatandikwa mpaka ukingoni mwa njia. Mgeni akipitisha tairi juu ya karafuu za mtu, hilo geti mtalitamani nyinyi wenyewe!

Nenda kwa wenye miti kwanza, halafu kwa sheha, muandikiane. Na kama kuna kipande kinachogusa msitu wa Ngezi, msikate hata kijiti kabla ya kuzungumza na watu wa misitu. Ile ni hifadhi.

Mpemba Ughaibuni
Niko Marekani. Huku kuna mfuko wa njia za namna hii tangu 1991, unatokana na kodi ya mafuta. Serikali kuu kwa kawaida hutoa mpaka asilimia 80, wenyeji hutafuta iliyobaki, na kazi ya kujitolea inaweza kuhesabiwa kama pesa. Sasa nyinyi mmelima kilomita 4 bure na hamjaandika popote! Nunueni daftari: tarehe, watu wangapi, saa ngapi. Siku ya kuomba ruzuku ndio mchango wenu huo.

Fundi Juma wa Konde
Kifusi peke yake mtakuwa mmewapa maji chakula. Njia yenu inashuka mlima wima, ndiyo maana inachimbika. Ihamisheni izunguke ubavuni: kila hatua 10 za kwenda mbele isishuke zaidi ya 1. Uso wake uinamie kidogo upande wa bondeni, maji yavuke njia badala ya kuifuata. Hilo halitaki milioni 3, linataka jembe na siku kama 4. Mtabaki na kidaraja tu.

Spoku40
Na kidaraja hicho kipelekeni kwa Mwakilishi na kwa Mbunge, fedha za jimbo ni kwa miradi midogo kama hiyo. Muulizeni sheha pia habari za kazi za jamii za TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Lakini hakuna atakayewapa kitu mkiwa "vijana wa baiskeli". Sajilini jumuiya, fungueni akaunti. Halafu nendeni Kidike mkaone kijiji kinavyolinda popo wake na wageni wanalipa kuingia. Hakuna aliyewawekea geti.

Mtambaapanya
Ahsanteni sana. Jana nilikwenda kwa mzee mwenye mikarafuu pale kwenye mwembe. Kumbe hoteli ilishamfuata mwezi uliopita na hakutuambia! Nikamuuliza aliwajibu nini. Akasema aliwauliza swali moja tu: mkishafunga, karafuu zangu nizipitishe wapi? Hawajarudi.

Ametukubalia kuizungusha njia ubavuni, sharti tusiguse mizizi. Wale 9 sasa wamebaki 4. Tunaanza Jumamosi baada ya alfajiri, na Fundi Juma, ile hesabu ya hatua 10 njoo utupimie mwenyewe. Chai na mihogo iko.