Tupeane uzoefu: pale kinga ya mwili inapomshambulia mwenye mwili

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Nina lupasi. Nikimwambia mtu kwamba kinga yangu ya mwili ndiyo inayoniumiza, jibu la kwanza huwa lilelile: basi ongeza kinga, kunywa hiki, meza kile. Wananitakia mema, najua. Lakini kinga yangu haijawahi kuwa haba. Inapiga kazi usiku na mchana, ila inayempiga ni mimi: viungo, ngozi, na kuna kipindi ilifika hadi kwenye figo.

Ilianza na vidole. Asubuhi mikono haifungi ngumi mpaka jua lipande. Ukaja uchovu ambao usingizi hauuondoi, vidonda mdomoni visivyouma, nywele kukatika. Kisha upele mashavuni, umevuka juu ya pua. Picha nyingi za lupasi huonyesha upele mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu ulikuwa wa rangi ya zambarau iliyokoza, na nadhani ndiyo maana ulichelewa kutambuliwa. Jua likinipiga, unawaka upya.

Daktari alinieleza kwamba kingamwili, zile protini ambazo kinga hutengeneza kukamata vijidudu, kwangu zinakamata vitu vya ndani ya kiini cha seli zangu mwenyewe, pamoja na DNA. Zikishikamana navyo huwa mafungu madogo yanayonasa kwenye vichujio vya figo na kuwasha uvimbe. Ndiyo maana kila kliniki mkojo wangu hupimwa protini. Aliniambia pia kwamba kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili za namna hiyo kwenye damu, kikitoka chanya peke yake hakitoshi, kwa sababu hata watu wazima wa afya wapo wanaokuwa nacho chanya. Kati ya wagonjwa 10 wa lupasi, kama 9 ni wanawake. Natumia haidroksiklorokwini, dawa iliyoanzia kwenye malaria, na macho yangu hukaguliwa mara kwa mara kwa sababu yake.

Naomba tupeane uzoefu. Mzio, pumu, kisukari cha utotoni, tezi, chochote ambacho chanzo chake ni kinga kukosea shabaha. Mligunduaje, na mlielezwa nini?

Baba Binti

Pole sana dada. Binti yangu ana kisukari aina ya kwanza. Alianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa kitandani, naye alikuwa ameshaacha zamani. Akakonda huku anakula vizuri. Siku tuliyokimbia naye hospitali alikuwa anahema kwa kina na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva sana. Mzazi yeyote anayesoma hapa aikumbuke hiyo harufu. Ni dalili kwamba mwili umeishiwa insulini, unachoma mafuta, na damu imejaa asidi. Hiyo ni dharura ya saa ileile.

Watu wengi wametuuliza tulikuwa tunamlisha sukari kiasi gani. Haihusiani kabisa. Chembe nyeupe zinazoitwa seli T zilivamia kongosho na kuua seli za beta, ambazo ndizo pekee zinazotengeneza insulini. Mauaji hayo huenda kimyakimya kwa miezi au miaka, na dalili zinapotokea sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwisha. Mtu wa kwanza kuchomwa insulini kama tiba alikuwa kijana wa miaka 14, Toronto, Januari 1922. Kabla ya hapo mtoto kama wangu alikuwa anasubiri kifo. Kila nikimchoma sindano nafikiria hilo, na nashukuru.

Mpimaji

Nafanya kazi maabara, niongezee kidogo jinsi mwili unavyojaribu kuzuia haya, maana tukisikia magonjwa tu tunasahau kazi kubwa inayofanyika.

Kijidudu kikipita ngozi na kamasi, wa kwanza kufika ni walaji: nyutrofili na makrofaji. Humeza chochote kigeni bila kuuliza jina. Usaha mnaouona kwenye jipu ni mizoga yao kwa wingi. Élie Metchnikoff ndiye aliyeona ulaji huu mwaka 1882, alipochoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweza akaona seli zinauzingira. Seli T na seli B, aina nyingine za chembe nyeupe, huja baadaye, siku kadhaa mbele, lakini zinalenga adui mmoja mahususi na baadhi yake hubaki na kumbukumbu kwa miaka. Chanjo zote zinategemea kumbukumbu hiyo.

Sasa, vipokezi vya seli T, yaani sehemu zinazotumia kumtambua adui, huundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni ovyoovyo, ili hata kijidudu ambacho mwili haujawahi kukiona kipate wa kukikamata. Kwa mchanganyo wa namna hiyo, lazima zizaliwe na zinazoikamata miili yetu wenyewe. Kwa hiyo hufanyiwa mtihani ndani ya tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Zisizotambua chochote hufa. Zinazoung'ang'ania mwili nazo huuawa. Zaidi ya 9 kati ya 10 hazitoki mle. Mtihani huo ni mkali lakini haukamati zote, na zinazoponyoka hushikwa na kundi jingine, seli T za udhibiti, zinazozituliza huko mwilini. Ugunduzi huo ndio uliowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Nobeli ya tiba mwaka 2025. Ulinzi huo wa pili ukilegea, ndipo tunapata hadithi kama za mwanzisha mada na binti wa ndugu hapo juu.

Nyuki Mmoja

Wangu mimi ni mzio wa nyuki. Aliponiuma mara ya kwanza, uvimbe tu. Mara ya pili ndani ya dakika chache mwili mzima vipele, koo linabana, nikaanguka. Nilielezwa kwamba ile mara ya kwanza ndiyo iliyoniandaa: mwili ulitengeneza kingamwili aina ya IgE, zikakaa juu ya seli zenye histamini, kemikali inayoleta vipele na uvimbe, zikisubiri. Kilichoniokoa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa nje. Dawa za mzio za vidonge hazitoshi kwa hali ile, na hata baada ya kupata nafuu walinizuia kwa uangalizi kwa sababu shambulio linaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Vali Moja

Nimesoma zote nikaona niandike, maana ugonjwa wangu huanza na kitu ambacho hakuna anayekihofia: kuumwa koo.

Utotoni koo lilikuwa linaniuma, linapoa, maisha yanaendelea. Safari moja, wiki chache baada ya koo kupona, goti likavimba. Likapoa lenyewe, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa pili, kisha kiwiko. Wakubwa wakasema nakua. Ilikuwa homa ya baridi yabisi. Bakteria wa koo anayeitwa streptokoka ana protini kwenye ganda lake inayofanana na protini za moyo wa binadamu. Mwili ulitengeneza silaha za kummaliza, ukammaliza kweli, kisha silaha zilezile zikakutana na vali za moyo wangu zikaona ni yeye. Viungo vilipona bila alama. Vali ya mitrali ikabaki na kovu.

Sikujua lolote kwa miaka mingi. Nilipopata ujauzito nikaanza kushindwa kulala chali, pumzi inakata, nakohoa usiku. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na vali iliyobanwa haiwezi kuipitisha yote. Ultrasaundi ya moyo ndiyo iliyosema ukweli. Tulinusurika, mimi na mwanangu, lakini najua wasionusurika.

Sasa nachomwa penisilini ya kukaa mwilini kila baada ya wiki 3 au 4. Haifuti kovu. Inazuia streptokoka asirudi, kwa sababu kila akirudi kinga hurudi vitani na vali huumia zaidi. Linaloniuma kuliko sindano ni hili: koo la streptokoka likianza kutibiwa kwa penisilini hata ndani ya siku 9 tangu lianze, homa hii kwa kawaida huzuilika. Ni dawa ya zamani na inajulikana kila mahali. Mtoto akiumwa koo na homa, bila mafua wala kikohozi, tafadhali apelekwe akaangaliwe.

Ngozi Mbili

Mbalanga. Kinga imeua seli za rangi mikononi na kuzunguka mdomo. Haiambukizi, narudia, haiambukizi. Naumia zaidi na mtu anayeficha mkono wake nikimpa salamu.

Mama wa Watatu

Wangu ni tofauti kidogo, kinga yangu haikunigusa mimi. Damu yangu ni Rh hasi, yaani chembe zangu nyekundu hazina protini iitwayo Rh; mtoto wa kwanza alikuwa chanya, anayo. Wakati wa kujifungua damu yake kidogo iliingia kwangu, mwili wangu ukaiona ngeni ukaiwekea kumbukumbu. Kuna sindano ya anti-D inayotakiwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ili kumbukumbu hiyo isijengeke. Imekuwepo tangu 1968. Nilikojifungulia hawakunichoma wala kunitajia.

Mimba ya pili, kingamwili zangu zilivuka kondo la nyuma zikaanza kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Alizaliwa na upungufu wa damu na umanjano mkali, ikabidi abadilishiwe damu. Yuko salama, Mungu mkubwa. Mimba ya tatu nilifuatiliwa tangu mwanzo, maana kingamwili zikishajengeka, sindano haisaidii tena. Dada zangu, ulizeni kundi lenu la damu kliniki mapema, na mkiambiwa hasi mtaje neno anti-D wenyewe.

Msomaji

Samahani kuuliza badala ya kuchangia. Nimeanzishiwa prednisoloni na azathiopurini kwa ugonjwa wa ini unaotokana na kinga. Je, naruhusiwa chanjo? Na nikijisikia nafuu naweza kupumzika dawa?

Mwanzisha mada

Uliza tu ndugu yangu, tuko hapa kwa hilo. Kwa dawa zinazoshusha kinga kama zako, chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, mfano surua na homa ya manjano, kwa kawaida huepukwa. Zile zisizo na kijidudu hai, kama ya nimonia ya nyumokoka, zinaruhusiwa, na kwa watu kama sisi zinahimizwa. Mwambie anayekuchanja unatumia nini kabla hajafungua sindano.

Prednisoloni usiikate ghafla hata ukijisikia mzima kabisa. Ukiitumia kwa wiki kadhaa, tezi za juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili, na zinahitaji muda kuamka. Ukiacha kwa mkupuo, shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Daktari wako ndiye wa kuishusha, kidogokidogo. Ukipata homa ukiwa kwenye dawa hizo, nenda siku hiyohiyo. Usisubiri iwe kali, kwa sababu dawa zenyewe zinaweza kuificha.

Mwenye pumu bado hajatokea. Karibuni.