Mrejesho: Pikapu ya dizeli iliyokuwa inachemsha

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu ya zamani ya dizeli, inachemsha foleni ya Kimara na maji ya rejeta yanapungua bila tone kudondoka chini. Mliosema hedi (kichwa cha injini, kinachofunika silinda), mlipatia.

Fundi wa Gerezani aliiwasha ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta wazi: mapovu mfululizo, kama sufuria jikoni, yaani gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Hedi ikashushwa. Ufa mwembamba kama unywele, katikati ya valvu za silinda ya 3! Kumbe ule moshi mweupe wa asubuhi niliosingizia nozeli (za kupulizia dizeli) ndiyo maji yenyewe yanaingia kwenye silinda na kutoka kama mvuke.

Nimefunga hedi nyingine, gasketi mpya na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Themostati (valvu inayodhibiti joto la injini) iliyong'olewa na fundi wa kwanza nimeirudisha, msikubali kung'olewa. Wiki ya 3 sasa, mshale wa joto umetulia. Asanteni sana.