Jino la Spinosaurus la Moroko au la Tyrannosaurus la Marekani: la kuanzia ni lipi?

mgeni_wa_visukuku: Wakuu, nataka jino la kwanza la dinosaria. Nalinganisha la Spinosaurus kutoka miamba ya Kem Kem, Moroko, na la Tyrannosaurus kutoka miamba ya Hell Creek, Marekani. Bajeti ndogo. Nikague nini?

FundiMeno: Chukua la Kem Kem. Dinosaria walibadilisha meno maisha yao yote, na pale ya Spinosaurus yanachimbwa kwa wingi, ndiyo maana bei yake inashikika. La Tyrannosaurus hata kipande ni ghali, na wauzaji wengi hulibandika jina hilo jino la jamaa yake mdogo wa Hell Creek.

La Spinosaurus limechongoka, ni mviringo, lina michirizi kutoka ncha hadi shina, na kingo zake hazina msumeno. Likiwa bapa lenye msumeno, hilo ni la mla nyama mwingine, mara nyingi jamii ya Carcharodontosaurus.

kwale_12: Naongeza la mzizi, maana hapo ndipo watu wanalizwa. Jino lililodondoka halina mzizi: jipya likiota chini yake, mzizi wa la zamani huyeyuka. Kwa hiyo ukiona jino refu lenye mzizi kamili kwa bei ya kutupa, shuku. Mafundi huunga ncha ya jino moja na shina la jingine, kisha huficha mshono kwa mchanga uliokorogwa na gundi.

Shika lenzi ya kukuza mara 10, fuata mchirizi mmoja polepole. Ukifika kwenye mshono ukakatika au ukahama, ni meno mawili hayo. Tafuta pia vitundu vya mapovu. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, haina mapovu, gundi inayo. Pamba yenye asetoni huondoa mchanga wa bandia, ila muombe mwenye mali kwanza, kwa sababu inalegeza pia gundi ya jino halali lililopasuka.

mwenyeji_Lindi: Mkuu, usiokote la Tendaguru, eneo la visukuku vya dinosaria huku Lindi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inagusa visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, na kuchimba kunataka kibali. Marekani nako ardhi ya serikali kuu hairuhusu. Uliza cheti kinachoonyesha jino limetoka shamba la mtu binafsi. La Mongolia usiguse kabisa.

FundiMeno: Likianza kumeguka, yeyusha gramu 5 za Paraloid B-72 (plastiki ya kuimarisha visukuku) kwenye mililita 100 za asetoni, dondosha kidogo kidogo hadi lisinywe tena. Gundi ya papo kwa papo usitumie, kuiondoa ni kazi. Kwa wa Pwani: ukipaka siku ya unyevu, asetoni inapopaa hupoza jino, maji hutua juu yake na uso hugeuka ukungu mweupe. Subiri siku kavu, pitisha asetoni tupu kwa brashi laini, ukungu utaondoka.