Laptopu 24 za shule, mfumo gani wa kuchaji zote kwa pamoja?

Mwl_Kondoa: Wakuu habari za saa hizi. Niko shule ya kata huku Kondoa, tuna laptopu 24 za msaada, kila moja na chaja yake ya wati 65. Tunachajia kwenye ekstensheni zilizobebana, juzi plagi moja imelainika ikanata kwenye soketi nikaitoa kwa koleo. Kuna sola, betri zimeungwa volti 24, na inveta ya wati 1000. Nichague ipi: kabati lenye chaja zote, kutoa DC (umeme wa betri usiopitia inveta) moja kwa moja kwenye betri za sola, au kuchomoa betri za laptopu tuzichaji nje zote kwa mpigo?

fundi_redio: Mwalimu pole, hizo ekstensheni zitoe leo hii. 65 mara 24 ni 1560, inveta imeshazidiwa hapo. Mi nasema kabati, ila kwa zamu, nane nane, wati 520 tu, inveta inapumua.

BintiSola: Mi naenda na DC. Inveta inapandisha 24 mpaka 230 halafu chaja inashusha mpaka 19, njiani umeme unaishia kuwa joto tu, sasa ya nini? Konveta ya kushusha kwa kila laptopu na fyuzi yake, basi. Angalia tu konveta isiwe ya kupokea mwisho volti 24 maana jua likiwaka betri zinafika 28 na ushee, itaungua.

fundi_redio: Dada upo sahihi, ila mwalimu, ni laptopu za aina gani? Dell zina kile kipini chembamba katikati ya plagi, laptopu isipotambua chaja yake kupitia hicho inawaka vizuri tu ila betri haiingizi kitu

Mwl_Kondoa: Dell ziko 14, zingine HP

BintiSola: Duh. Basi kabati 😅

mzee_wa_seli: Hiyo ya kuchomoa betri isahau kabisa mwanangu. Pakiti ya seli tatu mwisho wake volti 12.6, sasa unga sambamba iliyojaa na iliyokwisha uone, iliyojaa inamwaga mkondo wote kwa mwenzake na hapo hakuna wa kuuzuia, nimeshaona moja ikivimba kama andazi mezani kwangu. Acha laptopu yenyewe ichaji betri yake.

Mwl_Kondoa: Nimewaelewa wazee wangu. Kuna kabati la chuma la vitabu, nitatoboa matundu juu na chini

fundi_redio: Sawa, chaja zikae zimeachana, usizifunge fungu moja na rababendi. Zamu zote piga mchana jua likiwepo, masaa mawili mawili, usiku usile betri

Mwl_Kondoa: Mchana ndo vipindi vyenyewe mkuu

fundi_redio: Kwani zote 24 mnazitumia kila kipindi?

Mwl_Kondoa: Hapana, wanakaa watatu watatu, kumi na sita zinatosha

fundi_redio: Si ndo hapo, nane ziko kabatini 😂 bandika tu namba kwenye laptopu ujue zipi zamu yake