Vigezo vya alama za hisa kwa muda mfupi: programu iliipa 80 hisa isiyo na mnunuzi, nirekebishe wapi?

Binti_Kilindini

Assalam aleikum, na hamjambo wote humu. Naomba ushauri kwa waliowahi kujiwekea vigezo vyao wenyewe vya alama kwenye programu ya kuchambua hisa, hasa kwa hisa za kushika siku 5 mpaka 15 za soko kisha kuuza.

Niko Mombasa, nanunua na kuuza Soko la Hisa la Nairobi. Mtaji wangu ni mdogo, kila oda ni kati ya shilingi 20,000 na 40,000. Kila jioni naingiza bei za siku kwenye programu, nayo inazipanga hisa zote kwa alama 0 hadi 100. Vigezo vilivyokuja na programu vilikuwa na wastani wa bei wa siku 100 na wa siku 200 ndani yake, nikaona hivyo si vya mtu anayeshika hisa wiki mbili. Nikavifuta, nikaweka vyangu vitano, kila kimoja alama 20:

- bei ya kufunga iko juu ya wastani wa siku 20
- wastani wa siku 9 uko juu ya wastani wa siku 21
- RSI ya siku 14 (kipimo cha kasi ya bei, 0 hadi 100) iko juu ya 50
- MACD (tofauti ya wastani wa bei wa muda mfupi na wa muda mrefu) iko juu ya mstari wake wa ishara, yaani wastani wake yenyewe
- idadi ya hisa zilizouzwa leo imepita wastani wa siku 20

Mwezi uliopita hisa ya kiwanda fulani (jina naliacha) ilipata 80 siku tatu mfululizo. Nikanunua hisa 1,000 kwa shilingi 20. Siku ya tano ikafika 20.60, nikaweka oda ya kuuza. Mnunuzi hayupo. Siku 11 naitazama oda ile ile, mwisho nikauza kidogo kidogo kwa 19.40. Kinachoniuma ni kwamba siku nauza kwa hasara, programu ilikuwa bado inaipa 60.

Nibadilishe siku za viashiria? Niongeze viashiria? Au nigawe alama upya? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Daftari

Pole, binti yangu. Kabla sijasema neno, nijibu mawili. Siku ambayo hisa haikuuzwa hata moja, faili lako linaandika nini? Na dalali wako anakukata kiasi gani, jumla ya kila tozo?

Binti_Kilindini

Shikamoo mzee. Faili linarudia bei ya jana na kuweka sifuri kwenye idadi ya hisa. Makato, nikijumlisha kila kitu, ni asilimia 2.1 wakati wa kununua na 2.1 tena wakati wa kuuza.

Mzee_wa_Daftari

Marahaba. Basi chukua kalamu tuhesabu.

Ulinunua kwa 20,000, makato 420, kwa hiyo zilikutoka 20,420. Siku ile hisa ilipofika 20.60, hata kama mnunuzi angekuwepo, ungepata 20,600 kutoa 433, yaani 20,167. Ungekuwa umepoteza shilingi 253. Ili utoke bila faida wala hasara ulihitaji bei ipite 20.85, ambayo ni kama asilimia 4.3 juu ya uliyonunulia.

Sasa tazama vigezo vyako vitano. Hakuna hata kimoja kinachojua habari ya hiyo 4.3. Programu inakupa 80 kwa hisa inayopanda asilimia 2 na inakupa 80 kwa inayopanda asilimia 9. Kwake yote ni kupanda. Kwako moja ni hasara.

Kwa hiyo usianze na siku za viashiria. Anza na swali la kama hisa hiyo ina uwezo wa kutembea umbali unaokufaa ndani ya siku ulizojiwekea. Mimi natumia ATR ya siku 14, ile inayopima hisa inayumba kiasi gani kwa siku. Naigawa kwa bei nipate asilimia, kisha nazidisha na kipeuo cha pili cha idadi ya siku. Kwa siku 10 ni mara 3.16. Hisa yenye ATR ya asilimia 1.2 inakupa kama 3.8, na hiyo haifiki hata kwenye makato yako. Yenye asilimia 2.5 inakupa kama 7.9, angalau pana nafasi. Ni makadirio, bei haijaahidi kwenda huko, lakini yanakuondolea hisa nyingi ambazo hata zikikutii hazikulipi. Kwa makato yako mimi nisingegusa hisa yenye ATR chini ya asilimia 2 ya bei.

Mshumaa_Kijani

Mzee kamaliza upande wa gharama. Mimi nakuja kwenye hilo faili linalorudia bei ya jana, maana humo ndimo 80 yako ilimozaliwa.

RSI inalinganisha wastani wa siku zilizopanda na wa siku zilizoshuka. Chukua hisa iliyosimama 12.00 siku 13, hakuna aliyenunua wala kuuza. Siku ya 14 mtu mmoja ananunua hisa 100 kwa 12.05. Upande wa kushuka ni sifuri. Ukitumia wastani wa kawaida, RSI inaruka hadi 100. Shilingi 1,205 tu zimebadilishana mikono, na kigezo chako kimeshatoa alama zote 20. Wastani wa siku 9 nao umegeuka juu, bei iko juu ya wastani wa siku 20, MACD imekata mstari. Hata kigezo cha mauzo kinaweza kupita, kwa sababu hisa 100 ni nyingi zikilinganishwa na sifuri.

Maana yake mtu mmoja na hisa 100 anaweza kuijaza karatasi yako yote.

Dawa yake, weka malango kabla ya alama. Programu nyingi zina sehemu ya masharti ya lazima kando ya sehemu ya alama. Hisa isiyopita lango haipewi 40 wala 20, haionekani kabisa kwenye orodha. Langu la kwanza: katika siku 20 za mwisho, hisa iwe imeuzwa siku zisizopungua 16. La pili ni la thamani ya mauzo kwa siku. Hapo usitumie wastani, kwa sababu taasisi moja ikiuziana na nyingine mzigo mkubwa siku moja, wastani wa siku 20 unavimba wakati siku nyingine 19 ni kavu. Panga siku 20 kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ile ya katikati. Oda yako isizidi asilimia 5 ya hiyo. Kwa oda ya 30,000, siku ya katikati iwe na mauzo ya 600,000 au zaidi.

Lango la ATR alilosema mzee liweke baada ya haya mawili. Hisa kavu huonekana inayumba sana kwa sababu tu bei inaruka kati ya anayetaka kununua na anayetaka kuuza.

Kaka_Ilala

Naongezea kutoka huku Dar. DSE, soko la hisa la huku, hali ni hiyo hiyo, pengine zaidi. Mauzo ya siku hukusanyika kwenye hisa chache, benki za CRDB na NMB zikiwa mbele, na nyingine zinaweza kukaa bila muamala. Nilijaribu kuweka ukwasi (wepesi wa hisa kuuzika) kama kigezo cha alama 15 badala ya lango. Haikunisaidia: hisa iliyokufa ilipoteza 15 na kubaki na 75, ikawa bado juu ya orodha. Lango ndilo jibu.

Nahesabu_Pole

Mimi naona tofauti kidogo na wakuu hapo juu. Lango ni kali mno kwa hisa inayoanza kuamka. Hisa iliyouzwa siku 15 kati ya 20 inatupwa, ya siku 16 inaingia, na tofauti yake ni siku moja tu. Mimi ninazidisha: alama za jumla mara sehemu ya siku zilizouzwa. Siku 20 kati ya 20 unabaki na alama zako zote, siku 10 unabaki na nusu. Hakuna ukuta wa ghafla.

Mshumaa_Kijani

Ndugu Nahesabu, kwa mwenye mtaji mkubwa na subira nakubali. Kwa dada yetu ambaye tatizo lake ni kukwama siku 11 akitafuta mnunuzi, ningebaki na ukuta. Akishazoea ataulegeza.

Mtoza_Gawio

Kwa heshima zote, dada, mtu mwenye mtaji wa 30,000 kwa oda na makato ya asilimia 4.3 kwenda na kurudi anajitesa. Akizunguka mara 10 kwa mwaka, makato peke yake yanafika karibu asilimia 43 ya pesa anayozungusha. Mimi nanunua benki zinazolipa gawio na kukaa. Sikulazimishi, nataka tu uione hiyo hesabu kabla hujarekebisha kigezo kimoja.

Na kama utaendelea, weka tarehe ya kufunga daftari la wanahisa kwenye programu yako. Hisa ikishapita tarehe ya kustahili gawio, bei hushuka takriban kwa kiasi cha gawio. Hakuna kibaya kilichotokea kwenye kampuni, lakini viashiria vyako vitaona anguko na kukupa alama za kuuza. Kinyume chake pia: wiki chache kabla, watu wanakimbilia gawio, bei inapanda, programu inakuita ununue kileleni.

Binti_Kilindini

Asante, Mtoza Gawio, hiyo 43 sikuwahi kuipiga. Nimekaa nayo jana usiku. Nitapunguza idadi ya mizunguko, lakini bado nataka kujifunza hili vizuri.

Nimeweka malango matatu: siku 16 kati ya 20, mauzo ya siku ya katikati 600,000, ATR asilimia 2. Katika kampuni zaidi ya 60 zilizoorodheshwa Nairobi, zimebaki tisa. Ile ya kiwanda imetupwa lango la kwanza.

Ila nimekuta jambo jingine. Nilirudisha programu nyuma nione ingesema nini kuhusu Kenya Airways, ambayo ilisimamishwa sokoni Julai 2020 kisha ikarudi Januari 2025. Siku ya kwanza ya kurudi, wastani wa siku 20 ulikuwa na bei 19 za mwaka 2020 na moja ya 2025! Faili halikuwa na mistari ya miaka hiyo ya katikati, kwa hiyo hata lango la siku 16 lilipita. Ikapewa 100.

Mshumaa_Kijani

Umefanya jambo zuri kujaribu hiyo. Programu inahesabu mistari, haihesabu kalenda. Ongeza lango la upya: mstari wa kwanza kati ya hiyo 20 usiwe na umri wa zaidi ya siku 40 za kalenda. Siku 20 za soko kwa kawaida ni kama siku 28, kwa hiyo 40 inaacha nafasi ya sikukuu.

Mzee_wa_Daftari

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Vinne kati ya vitano vyako vinasema jambo moja kwa midomo minne: bei imepanda siku za karibuni. Ukiuliza ndugu wanne wa nyumba moja, hujauliza watu wanne.

Wapo waliolitazama hili kabla yetu. Alama za TradingView, tovuti ya chati za bei, zina wastani na jamaa zake 15, na viashiria vya kasi 11, lakini havipigi kura 26. Kila kundi linatoa wastani wake kati ya -1 na +1, kisha makundi mawili yanagawana sawa. Kuanzia -0.1 hadi 0.1 ni kukaa katikati, juu ya 0.5 ni kununua kwa nguvu. Chukua wazo la makundi, ila ndani weka vitu vya siku zako.

Mimi ningekugawia hivi. Mwelekeo 30, humo tia wastani wa 20 na wa 9 kwa 21, kila kimoja 15. Kasi 15, chagua RSI au MACD, moja tu. Mauzo 25, lakini usilinganishe leo na wastani. Linganisha jumla ya mauzo ya siku 5 zilizopanda na jumla ya mauzo ya siku 5 zilizoshuka. Nguvu dhidi ya soko 30: hisa imebadilika asilimia ngapi kwa siku 10, toa badiliko la faharasa (kipimo cha soko kwa jumla) kwa siku hizo hizo. Usitumie NASI, faharasa ya hisa zote za Nairobi, inavutwa sana na Safaricom. NSE 20, ya kampuni 20, itakufaa zaidi.

Na usiweke mifumo ya mishumaa (maumbo ya bei za siku kwenye chati) kama kigezo. Nairobi bei ya kufunga si ya muamala wa mwisho, ni wastani wa siku uliopimwa kwa idadi ya hisa. Mshumaa unaouona kwenye chati haukuchorwa jinsi vitabu vya Marekani vinavyodhani.

Nahesabu_Pole

Hapo kwa mzee sina la kupinga. Naongeza moja: usizichezee hizo namba mpaka zipendeze kwenye data ya zamani. Zipange kwa data ya mpaka mwisho wa 2023, kisha ziendeshe juu ya 2024 bila kugusa kitu. Zikianguka, zimeanguka.

Binti_Kilindini

Nimeandika yote. Swali la mwisho: kuuza nitumie alama hizi hizi, labda zikishuka chini ya 50?

Mzee_wa_Daftari

Hapana. Alama za kuingia zinachagua hisa moja kati ya nyingi, kutoka ni habari ya hisa moja uliyo nayo. Chukua bei ya juu kabisa iliyofunga tangu ununue, toa ATR mara mbili. Ikifunga chini ya hapo, kesho yake asubuhi weka oda ya kuuza. Na zikifika siku 15 bila kuvuka ile 4.3, toka. Kumbuka pesa yenyewe inakufikia siku tatu za kazi baada ya kuuza, usiipangie oda nyingine kabla.

Binti_Kilindini

Nimeelewa, mzee. Nitaandika ishara 30 kwenye daftari bila kununua chochote, pamoja na makato ya kila moja, kisha nizilete hapa mzione.